Barua za Mackay wa Uganda, nakala iliyochapwa upya: maoni ya fundi vyuma

Nianze na jalada. Kitabu kinahusu mmisionari Mskoti aliyeishi Buganda na kufia huku kusini mwa Ziwa Viktoria, lakini waliokichapa upya wameweka mbele picha ya ngamia wawili na jua linazama jangwani. Nadhani kuna mtu aliandika neno "Afrika" kwenye kompyuta akachukua picha ya kwanza iliyotokea. Ukikiona juu ya meza ya muuzaji bila kusoma jina, utadhani ni habari za Sahara.

Kitabu chenyewe ni maisha na barua za A. M. Mackay, na mahali pa jina la mwandishi pameandikwa tu kwamba ni kazi ya dada yake. Kilitoka London mwaka 1890, mwaka uleule aliofariki Mackay. Dada huyo, Bi Harrison, alizikusanya barua ambazo kaka yake alikuwa akiandika nyumbani, nyingi kwa baba yao, akazipanga kwa miaka na kuziunganisha kwa maelezo yake mwenyewe. Ni Kiingereza kitupu, kurasa zinazokaribia mia tano. Nililipa Sh. 65,000 pamoja na gharama ya kifurushi kwenye basi la kutoka Dar es Salaam.

Mimi nafundisha uchomeleaji na ufundi mitambo katika chuo cha ufundi hapa Mwanza, na ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Nayasema yote mawili mapema kwa sababu yote mawili yameingia kwenye nyota ninazotoa: nne kwa maneno yaliyomo, mbili kwa kazi ya uchapaji. Hizo mbili zenyewe ni kwa huruma.

Maana uchapaji huu si uchapaji. Ni picha za kitabu cha zamani cha maktaba fulani, ukurasa kwa ukurasa, zimebandikwa kwenye karatasi nyeupe na kutiwa gundi mgongoni. Mhuri wa maktaba unaonekana. Mistari ya penseli ya msomaji wa zamani inaonekana, na ukurasa mmoja una kidole cha mtu aliyekuwa anapiga picha. Haya ningeyavumilia, tena kidole kilinichekesha. Lakini ukingo wa ndani umekatwa vibaya, hivyo kurasa za kushoto unamalizia maneno kwa kukisia. Baya zaidi ni ramani. Katika kitabu cha asili ilikuwa ramani kubwa ya kukunjua. Aliyepiga picha hakujisumbua kuikunjua, basi unapata kipande chenye pembe ya ziwa na mikunjo. Kwa kitabu ambacho mtu anatembea kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mpaka Uyui, mpaka ziwani, kukosa ramani ni kukosa nusu ya habari. Nilisoma huku nimebandika ramani ya Tanzania ukutani, na majina mengine inabidi uyatafute kwa masikio: Kagei ya Mackay ni Kageye yetu, upande wa mashariki ya jiji, kwenye Ghuba ya Speke.

Mgongo ulianza kuachia kabla sijafika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Nilitoboa matundu matatu kwa drili ndogo nikapitisha uzi wa fundi viatu, na sasa kinafunguka vizuri kuliko kilivyotoka kiwandani.

Tuje kwa mwenyewe. Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, kaskazini mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia vya shule, akamfundisha mwanawe nyumbani. Inasemekana akiwa na miaka mitatu mtoto tayari alikuwa anasoma Agano Jipya. Mama yake alifariki mwaka 1865. Kijana akasomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Berlin kuchora na kusanifu mashine. Huko ndiko ilikomkuta habari ya barua ya Stanley, yule mpelelezi, iliyotoka katika gazeti la Daily Telegraph mwezi wa Novemba 1875, ikisema Mutesa anataka walimu, na kwamba anayefaa ni mtu wa vitendo anayeweza kufundisha kazi za mikono. Akajiandikisha kwa CMS, chama cha wamisionari cha Waanglikana, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mwanglikana wala padre, wala hakuja kuwekewa mikono hata siku moja. Alikuwa mlei mwenye sanduku la zana.

Walikuwa wanane waliopangiwa safari hiyo. Mwaka 1876 waliagwa London na kila mmoja akapewa nafasi ya kusema. Mackay alikuwa mdogo kuliko wote, akasema wa mwisho: akawaambia wazee wa kamati wasishtuke wakisikia ndani ya miezi sita kwamba mmoja wao amekufa, na huenda akawa yeye, ila wakisikia hivyo wasikate tamaa, watume mwingine mara moja. Hesabu yake ilikuwa ya upole mno. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo mmoja wao, fundi mjenzi, alifariki Zanzibar. Mwaka 1877 daktari wa msafara, John Smith, alikufa kwa homa kusini mwa ziwa, na Desemba ya mwaka huo wengine wawili wa msafara, Luteni Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe.

Niliogopa kitabu kitakuwa orodha ya vitanda na makaburi, na dada mtu angependa kiwe hivyo. Kila kaka yake anapougua, yeye anaweka ukurasa wa mawaidha. Ruka. Barua zenyewe hazina kilio. Mackay alipata homa kama kila mtu aliyepata kukaa huku bila chandarua, na alikuwa na kwinini, ila hakuwa na habari ya mbu. Wakati ule waliamini kwamba homa inatoka kwenye hewa chafu ya mabwawa na udongo mbichi. Ronald Ross alimwona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu mwaka 1897, miaka saba Mackay akiwa tayari kaburini. Basi unasoma watu wenye akili kabisa, wanaopima kina cha mito na kuandika joto la kila siku, wakichagua kilima cha kujenga ili wakimbie hewa, kisha jioni wanakaa nje kupunga upepo wa ziwa.

Safari yake ya kwanza kuelekea bara ilimshinda mwili. Aliugua mwishoni mwa 1876 akarudishwa pwani, wenzake wakaendelea. Mwingine angepanda meli arudi kwao. Yeye alipopata nguvu alianza kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, yaani kama kilomita 370, ili mikokoteni ya ng'ombe ipite badala ya kila kitu kubebwa vichwani. Msitu wa nyuma ya pwani anamweleza baba yake kwamba umesongamana kiasi cha paka kushindwa kupenya. Barabara ilikwisha mwaka 1877. Ng'ombe hawakufika: mbung'o na matope viliwamaliza. Ungetegemea mtu aandike barua ndefu ya uchungu. Nilichokiona mimi ni kwamba mwili ukimlegea, kalamu yake inafupika na kuwa nzuri zaidi. Akiwa mzima anahubiri na kubishana. Akitoka kwenye homa anaandika nini kimevunjika, nini kimepona, na kesho anaanza na kipi.

Barua ya Kageye ya mwaka 1878 ndiyo niliyoisoma kwa sauti karakanani. Alifika akakuta mali ya misheni imerundikwa ndani ya kibanda tangu wenzake walipokufa au kuondoka: vipande vya injini ya meli, vitabu, zana, herufi za mashine ya chapa, nguo, kila kitu juu ya kila kitu, kutu na vumbi na kazi ya mchwa. Anasema alifanya kazi siku kumi kuanzia alfajiri hadi giza, na mwisho wake injini ilikuwa imesimama kamili hadi skrubu ya mwisho, boila iko tayari kupigwa ribiti, zana na herufi kila moja ina sanduku lake. Hajasema "nilijisikia faraja". Amesema kila kitu kina mahali pake. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliuliza, "Madam, ribiti bila kompresa alipigaje?" Tukaacha kusoma, tukaongea nusu saa habari ya nyundo mbili, moto wa mkaa na mtu wa kushikilia kwa ndani. Hakuna mwongozo wa somo uliowahi kunipa nusu saa kama ile.

Kutoka Kageye alivuka kwenda Ukerewe, bila silaha, kuongea na Mtemi Lukonge juu ya wale Wazungu wawili waliouawa kule. Watu wake kutoka Zanzibar walikataa kumfuata. Alikwenda, akaongea, akarudi. Sehemu hii imesimuliwa sana na dada mtu anaipamba. Mimi ilinipita haraka.

Novemba 1878 alifika Buganda, na hapo kitabu kinanenepa.

Kwanza lugha. Kiganda alikuwa hajakijua, na Mutesa Kiingereza hakijui, basi walikutana kwenye Kiswahili. Jumapili Mackay alisoma barazani kutoka tafsiri ya Kiswahili iliyotengenezwa Zanzibar chini ya Askofu Edward Steere, na maneno yakageuzwa kuwa Kiganda kwa ajili ya wakuu. Mutesa alikuwa amekwisha kukisikia Kiswahili kwa miaka kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, na kabla ya Wamisionari kulikuwa tayari na kijana wa Kiswahili, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, ambaye Stanley alimwacha ikulu mwaka 1875 afundishe. Huyu Dallington anapita kwenye kitabu kwa kasi sana. Ndiye mwalimu wa kwanza wa mambo hayo pale, lakini hakuwa na dada wa kumtolea kitabu London.

Pili, shule. Hakukuwa na jengo lenye madawati. Shule ilikuwa karakana. Mackay alikuwa na tanuri, fuawe, kerezo, jiwe la kunolea la kuzungushwa, na vijana waliokuja kushangaa magurudumu wakajikuta wameshikishwa mvukuto kwa mkono mmoja na karatasi ya herufi kwa mwingine. Herufi kubwa za karatasi hizo za kusomea alizichonga mwenyewe kwa mbao, moja moja, akachapa. Mtu asiyewahi kuchonga herufi kinyumenyume kwenye mbao ngumu hawezi kujua ni kazi gani. Mimi nimewahi kuchonga namba za muhuri wa chuma, na nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Kuna barua ya kisima. Alichimba pale Natete, penye misheni, akafunga pampu, na watu walipoona maji yanapanda juu badala ya kushuka walipiga kelele kwamba Mackay ni lubale, yaani mzimu mkubwa. Akawajibu kwamba Mungu ni mmoja tu na yeye ni mtu kama wao, halafu akawaonyesha pampu ilivyo. Napenda kwamba aliwaonyesha pampu. Wapo waliofika Afrika na mashine wakaacha watu waendelee kuamini uchawi, maana ilifaa.

Na kuna majeneza. Mwaka 1882 mama yake Mutesa alifariki, na Kabaka akataka azikwe kwa namna ya wafalme wa Ulaya. Mackay akapewa kazi: majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la mbao na la shaba, shaba yenyewe ikapatikana kwa kupondaponda vyombo vya ikulu. Anaieleza kazi ile kwa hasira na fahari kwa pamoja. Hasira kwa sababu anaona ni upotevu wa mali na wa siku zake za kufundisha. Fahari kwa sababu ni fundi, na mishono ya shaba ilikaa sawa. Fundi yeyote anaijua hali hiyo. Mteja anataka kitu cha kijinga na wewe unakifanya vizuri kuliko kinavyostahili.

Lakini ukurasa wa kununulia kitabu hiki ni wa Oktoba 1881. Mmoja wa wanafunzi, Sembera, mtumwa wa mkuu mmoja wa jirani, alimwandikia Mackay barua kwa Kiganda kwa mkono wake mwenyewe. Kalamu ilikuwa unyasi uliochongwa ncha na wino aliutengeneza mwenyewe. Anamsalimu bwana wake na kumpa habari kubwa: anaomba abatizwe kwa sababu ameyaamini maneno ya Yesu Kristo. Mackay ameinakili ndani ya barua yake kwenda nyumbani. Kwa kuwa alikuwa mlei hakuweza kumbatiza; ilisubiri mpaka tarehe 18 Machi 1882, akabatizwa na mwenzake Philip O'Flaherty pamoja na wengine wanne. Sembera akachagua jina la Mackay. Alikuja kuwa mmoja wa viongozi wa Wakristo wa Kiprotestanti akauawa katika vita vya Mengo, kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, mwanzoni mwa 1892, mwalimu wake akiwa amemtangulia.

Mimi nimefundisha watu kusoma michoro na kuandika ripoti za kazi. Mwanafunzi anapokuandikia kitu bila kuagizwa, kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe, kazi yako imeisha na unaweza kwenda kunywa chai. Mackay alikuwa bado amebakiwa na miaka minane ya kazi.

Sasa ubaya. Barua hizi zina mdomo mchafu kwa watu wawili: Waarabu na mapadre wa Kikatoliki. Kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa ikulu ana sababu moja ya haki, ambayo ni biashara ya watumwa, na anaipinga kwa nguvu. Ila anaipaka rangi hiyo dini nzima na watu wote wa pwani, wakiwemo wapagazi na mabaharia waliombeba na kumpikia. Hao kwa kawaida hawana majina. Wanaonekana wakiiba, wakikimbia au wakigoma. Mshahara wao, mzigo wao na homa zao hukuti. Dada mtu hasahihishi chochote, anaongeza chumvi.

Kwa mapadre, nilijiandaa kukasirika, nikaishia kucheka. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika na Bruda Amans mwezi wa Februari 1879, miezi michache tu baada ya Mackay. Mwezi wa Juni Kabaka akamuuliza Lourdel hadharani kwa nini hapigi magoti pamoja na Waprotestanti. Kwa masimulizi ya Mackay, padre aliwaka ghafla akajibu kwa mchanganyiko wa Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa kwamba Mackay ni mwongo. Mutesa akabaki na swali ambalo mtu yeyote angebaki nalo: je, kila taifa la wazungu lina dini yake? Nimesoma ukurasa huo kwa jirani yangu, katekista wa parokia, naye akasema angependa kuiona barua aliyoandika Lourdel jioni hiyo. Nami ningependa. Hasara ya kitabu cha barua za mtu mmoja ni kwamba wa upande wa pili hana posta.

Hata hivyo Mkatoliki anapaswa kukisoma. Sisi tarehe 3 Juni tunawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa Namugongo mwaka 1886. Wengi wetu hatufundishwi kwamba mwaka mmoja na miezi minne kabla, tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa misheni ya Mackay, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa moto Busega. Mutesa alikuwa amefariki Oktoba 1884, na mwanawe, Mwanga, alikuwa mpya kitini. Mackay na mmisionari mwenzake Robert Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani na vijana hao walipozuiwa na kunyang'anywa. Waliomba, walitoa zawadi, hawakusikilizwa. Kurasa hizi ndizo pekee ambazo dada mtu ameziacha bila mawaidha mengi, na namshukuru kwa hilo. Lugalama alikuwa mtoto. Mackay anataja majina yao na kazi walizokuwa wanafanya pale nyumbani, na barua inayofuata iko karakanani tena, kwenye mashine ya chapa.

Askofu Hannington wa Waanglikana akauawa Busoga Oktoba 1885. Mwaka 1886 wasomaji, yaani waliokuja kujifunza dini, walikuwa wanakuja usiku, na Mackay mchana anachapa Mathayo kwa Kiganda karatasi kwa karatasi. Homa zinaendelea. Mwili wake kufikia hapo unaonekana kwenye sentensi, zinazidi kukatika. Miaka yote hiyo hajarudi kwao hata mara moja. Kuanzia 1876 mpaka kifo ni kama miaka kumi na minne. Baba yake anamwandikia, yeye anamjibu kwa mambo ya jiografia na urefu wa ziwa kutoka usawa wa bahari. Majibu ya baba hayamo kitabuni. Hilo nalo ni pengo, maana ukisoma upande mmoja tu huwezi kujua kama mzee alikuwa anamuuliza kuhusu ziwa au kuhusu afya.

Julai 1887 Mwanga alimwondoa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, upande wetu. Huko akaanza upya: nyumba, karakana, mashine ya chapa, Injili ya Yohana. Agosti 1889 Stanley alipita na Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, na maelezo ya Stanley juu ya mahali pale ni ya kuaminika kwa sababu anataja vitu: karakana imara imejaa mashine, boila ya mashua inatengenezwa na wahunzi, mtumbwi mkubwa nje unakarabatiwa, mashimo ya kupasulia mbao, magogo ya mbao ngumu, na rafu za vitabu zimejaa ndani ya nyumba. Miaka kumi na moja baada ya Kageye na bado kuna boila kwenye benchi. Nilipoona hivyo nilijua huyu ni mtu wa taaluma yangu.

Barua ya tarehe 2 Januari 1890 inajulikana kuliko zote. London walikuwa wamemwambia arudi nyumbani apumzike. Anashangaa: huu si wakati wa mtu kuacha zamu yake, watume kwanza watu ishirini, ndipo labda atashawishika kwenda kuwasaidia kutafuta ishirini wengine. Mwanzoni mwa Februari homa ilimshika. Mzungu aliyekuwa naye, Deekes, alikuwa mgonjwa pia. Mackay alifariki tarehe 8 Februari, akiwa na miaka 40, akazikwa hapohapo Usambiro. Mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, mwaka 1927. Lourdel, yule waliyegombana naye barazani, alifariki tarehe 12 Mei mwaka huohuo. Kitabu hakina habari hiyo ya Lourdel, niliipata kwa katekista.

Sura ya mwisho ni rambirambi za wakubwa wa London. Ukiwa na haraka, funga kitabu kwenye barua ya Januari.

Kuhusu kununua. Haki za uchapaji zilikwisha zamani, hivyo kitabu kizima kinapatikana bure kwenye intaneti, kwa picha zilezile nilizolipia, na huko baadhi ya nakala zina ramani iliyokunjuliwa. Kwenye simu herufi ni ndogo, ila kwenye kompyuta ya maktaba utasoma vizuri. Ukitaka cha kushika mkononi, tafuta nakala ya zamani ya karne ile, hata kama ina madoa. Karatasi zake zilishonwa. Hii ya ngamia, kwa Sh. 65,000, iache. Ikishuka mpaka Sh. 30,000 na una uzi, chukua.

Kiingereza chake si kigumu kwa aliyemaliza kidato cha nne, isipokuwa pale dada mtu anapoanza kunukuu tenzi. Kwa mwalimu wa ufundi nashauri asome kuanzia Kageye 1878 mpaka ubatizo wa 1882, halafu aruke hadi Usambiro. Anayetaka historia ya Buganda atafute pia kilichoandikwa na Waganda wenyewe, maana hapa wanaonekana kupitia dirisha la karakana. Kwa zawadi ya kipaimara au ndoa sikipendekezi kabisa. Kuna mtu alinishauri hivyo na sijui alikuwa amesoma kurasa zipi.